Shahidi wa Mwili Wake: Mwanamke, Tiba na Haki ya Kuaminiwa

Tiba yoyote, iwe ya mganga wa mitishamba au ya hospitali ya rufaa yenye mashine za kisasa, huanza kwa maelezo ya mgonjwa, kwa kuwa kabla ya kipimo cha damu na kabla ya picha ya eksirei mtu huulizwa anaumwa wapi, tangu lini, na maumivu yake yako vipi, na jibu lake ndilo linaloamua ni kipimo gani kifuate, au kama kitafuata kipimo chochote. Kwa sababu hiyo upendeleo wa kijinsia katika matibabu, ambao kwa kawaida hujadiliwa kama suala la sera, la bajeti au la nidhamu ya wahudumu, una mzizi mwingine ulio wa kifalsafa, nao ni swali la neno la nani huhesabiwa kuwa maarifa. Mwanamke anaposema anaumwa na asisadikiwe, au anapotakiwa alete shahidi wa jambo ambalo yeye peke yake ndiye anayelihisi, anakoseshwa zaidi ya dawa: anatolewa katika daraja la watu wanaojua, tena kuhusu kitu ambacho hakuna mwingine duniani anayekijua kwa ukaribu kama yeye. Insha hii inadai kwamba kosa hilo ndilo linalozaa makosa mengine mengi yanayoonekana wodini na katika tafiti za dawa, na kwamba mapokeo ya dini waliyorithi wasomaji wa Kiswahili yana hoja nzito dhidi yake, ingawa mapokeo hayohayo yametumiwa pia kulihalalisha.

Mwanafalsafa Mwingereza Miranda Fricker, katika kitabu alichokitoa mwaka 2007, alilipa kosa la namna hii jina la dhuluma ya kimaarifa, yaani dhuluma anayotendewa mtu katika hadhi yake ya kuwa mjuzi, akaigawa katika aina mbili. Aina ya kwanza ni dhuluma ya ushahidi, ambapo msikilizaji hulipunguzia uzito neno la msemaji kwa sababu ya dhana potofu aliyo nayo kuhusu kundi la msemaji huyo. Aina ya pili ni dhuluma ya ufasiri, ambapo jamii haijajijengea dhana za kumwezesha mtu kueleza yanayompata, hivyo hata yeye mwenyewe hushindwa kuyataja. Mwaka 2014 wanafalsafa Havi Carel na Ian James Kidd waliipeleka hoja hiyo hospitalini, wakaonyesha kwamba mgonjwa wa jinsia yoyote yuko katika hatari ya kupuuzwa, maana ugonjwa wenyewe humfanya aonekane mwenye hofu, mwenye kutia chumvi au asiye na utulivu wa kufikiri. Ikiwa ndivyo ilivyo kwa kila mgonjwa, mwanamke huingia chumba cha daktari akiwa na mizigo miwili, kwa sababu sifa hizohizo za hofu, chumvi na kukosa utulivu alikwisha kubandikwa kabla hajaugua.

Maumivu ndiyo mahali ambapo jambo hili huonekana wazi kuliko pote. Mwandishi Elaine Scarry, katika kitabu chake cha mwaka 1985 kuhusu mwili ulio katika maumivu, alieleza kwamba kwa anayeumwa hakuna jambo lenye yakini kuliko maumivu yake, ilhali kwa anayesikia habari za maumivu ya mwenzake hakuna jambo lililo rahisi zaidi kulitilia shaka. Hakuna mashine inayoweza kuziba pengo hilo. Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa wa Uajemi aliyefariki mwaka 1037, aliorodhesha katika kitabu chake cha Kanuni ya Tiba aina kumi na tano za maumivu, yakiwemo ya kuchoma, ya kukandamiza, ya kutoboa na ya kuwasha, na mtu akitafakari jinsi orodha kama hiyo inavyoweza kupatikana ataona kwamba haikuwa na chimbuko jingine isipokuwa vinywa vya wagonjwa. Tabibu hakuyaona maumivu hayo. Aliambiwa, akaamini, kisha akaainisha. Elimu nzima ya maumivu imejengwa juu ya tendo hilo la kuamini, na pale linapokosekana kwa nusu ya wanadamu elimu yenyewe hupungua nusu.

Shaka juu ya neno la mwanamke haikuzuka wodini. Katika kitabu cha Timaeus, Plato aliuelezea mfuko wa uzazi kama kiumbe hai chenye tamaa ya kuzaa, ambacho kikikaa muda mrefu bila kuzaa hukasirika na kutangatanga mwilini, kikiziba pumzi na kuleta maradhi ya kila namna. Aristotle naye, alipoandika juu ya uzazi wa wanyama, alimhesabu jike kuwa kama dume lililopungukiwa. Mawazo haya mawili, la kwanza kwamba mwili wa mwanamke unatawaliwa na uzazi wake na la pili kwamba mwili kamili ni wa mwanamume, yalisafiri pamoja na elimu ya Kiyunani kupitia Baghdad, Andalusia na vyuo vya Ulaya, na yakadumu hata baada ya wanasayansi kuacha kuamini kwamba mfuko wa uzazi hutembea. Histeria, ugonjwa uliodhaniwa kuwa wa wanawake na ulioelezewa kwa dalili nyingi kiasi kwamba karibu lalamiko lolote liliweza kutiwa humo, uliondolewa katika mwongozo rasmi wa magonjwa ya akili wa Marekani mwaka 1980 tu. Jina liliondoka, lakini tabia ya kuhamishia kichwani maumivu ya mwanamke yaliyo tumboni au kifuani haikuondoka nalo, na wapo wanawake wenye mshtuko wa moyo ambao hadi leo hurudishwa nyumbani na dawa za wasiwasi kwa sababu dalili zao, kama kichefuchefu, uchovu mkubwa na maumivu ya mgongo au taya, hazikufanana na zile zilizoandikwa vitabuni kwa kumtazama mwanamume.

Endometriosisi ni mfano ulio wazi zaidi. Huu ni ugonjwa ambao tishu inayofanana na ile ya ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi huota nje ya mfuko huo, kwenye mirija, kwenye ovari, hata kwenye utumbo, na kusababisha maumivu makali wakati wa hedhi, wakati wa tendo la ndoa na wakati wa kwenda haja, pamoja na ugumba kwa baadhi ya wagonjwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba unawapata takriban asilimia 10 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa, yaani watu wapatao milioni 190, nao kwa kawaida hukaa miaka kadhaa kabla ya kuambiwa wanaumwa nini. Miaka hiyo husikia majibu yaleyale: kwamba hedhi huuma kila mwanamke, kwamba wavumilie, kwamba wakizaa yataisha. Kwa mwanamke mwenye asili ya Afrika hali ilikuwa mbaya zaidi, kwani kwa miongo mingi ya karne ya 20 madaktari wa Marekani walifundishwa kwamba endometriosisi ni ugonjwa wa wanawake weupe wenye kipato na walioahirisha kuzaa, na kwamba mwanamke mweusi mwenye maumivu ya nyonga bila shaka ana maambukizi yanayotokana na zinaa. Mwaka 1976 daktari Donald Chatman alichapisha matokeo ya kuwachunguza wagonjwa weusi kwa kamera inayopenyezwa tumboni, akawakuta wengi waliokuwa wameambiwa wana maambukizi hayo kuwa na endometriosisi. Wanawake hao walikuwa wamesema kweli kuhusu miili yao, na mbali na kutosadikiwa walikuwa wamepewa badala yake hadithi ya aibu kuhusu mienendo yao. Hapo aina zote mbili alizozitaja Fricker hukutana: neno halikuaminiwa, na dhana ambayo ingelifanya lieleweke ilikuwa imefungiwa mahali ambapo msemaji hakuruhusiwa kuifikia.

Pingamizi zito dhidi ya hoja hii hutoka kwa matabibu wenyewe, nalo linastahili kujibiwa kwa heshima. Daktari, husemwa, hulipwa ili atilie shaka: mgonjwa anayesema ana malaria huenda ana homa ya matumbo, anayesema moyo unamuuma huenda ana kiungulia, na tabibu anayekubali kila anachoambiwa ataua watu. Pingamizi hili ni la kweli ila limechanganya mambo mawili, yaani hisia na chanzo chake. Juu ya chanzo mgonjwa hana mamlaka ya pekee, na mara nyingi hukosea, na kazi ya daktari ni kumsahihisha. Lakini juu ya hisia yenyewe, kwamba ipo, ilianza lini, ni kali kiasi gani, inazidi akifanya nini, hakuna anayeweza kumsahihisha kwa sababu hakuna mwingine aliyeko huko ndani. Shaka ya kitabibu iliyo halali huanza baada ya hisia kukubaliwa, na huwa ni juhudi ya kuitafutia sababu. Ile isiyo halali huanza kwa kuikana hisia, na kwa kuwa hakuna cha kutafutiwa sababu, uchunguzi hufungwa. Ya kwanza humfanya daktari afanye kazi zaidi na ya pili humpunguzia kazi, jambo ambalo peke yake lingetosha kumtia mtu mashaka juu ya usafi wa nia yake.

Dhuluma ya ushahidi ina sura nyingine iliyojificha zaidi, ambayo Kristie Dotson, mwanafalsafa wa Marekani, aliieleza mwaka 2011: mtu akishajua kwamba hatasikilizwa, au kwamba kusema kutamletea madhara, huukata ushahidi wake mwenyewe na kusema yale tu ambayo msikilizaji yuko tayari kuyapokea. Utafiti uliofanywa katika wilaya mbili za Mkoa wa Tanga, na matokeo yake kutangazwa mwaka 2014, ulilionyesha jambo hili pasipo kulikusudia. Wanawake waliojifungua katika vituo vya afya waliulizwa, walipokuwa wakiondoka, kama walitendewa visivyo kwa kutukanwa, kupigwa, kutelekezwa au kuvunjiwa staha, na karibu mmoja kati ya watano alisema ndiyo. Baadhi yao walipofuatwa majumbani kwao wiki kadhaa baadaye na kuulizwa maswali yaleyale, waliosema ndiyo walifika zaidi ya robo. Yaliyotendeka hayakubadilika kati ya lango la kituo na nyumbani. Kilichobadilika ni mahali pa kusemea, maana mwanamke aliye bado ndani ya ua wa kituo ambacho yeye na mtoto wake watakihitaji tena kwa chanjo na kwa homa za usiku ana kila sababu ya kusema alihudumiwa vizuri, ilhali yule aliyeketi barazani kwake akiwa na watu wake haogopi mtu. Takwimu za kuridhika kwa wagonjwa zinazokusanywa mlangoni mwa hospitali, ambazo wizara na wafadhili huzitegemea, zapasa kusomwa kwa tahadhari hiyo.

Hapa hujitokeza swali ambalo haliwezi kukwepwa, nalo ni kwamba wengi wa wanaomkaripia mzazi katika chumba cha kujifungulia, ambacho watu hukiita leba, ni wanawake wenzake, wauguzi na wakunga ambao nao wamezaa. Wapo wanaohitimisha kwa ukweli huo kwamba tatizo haliwezi kuwa la kijinsia, bali ni la uchovu, la mishahara midogo na la muuguzi mmoja kuhudumia wazazi wengi kwa zamu moja usiku kucha. Sababu hizo zipo, na mwandishi yeyote anayewalaumu wauguzi bila kuzitaja hasemi haki. Hata hivyo uchovu hauelezi kwa nini ukali huchukua umbo lile unalolichukua, yaani kwa nini mzazi hukumbushwa starehe ya usiku wa kutunga mimba anapolia kwa uchungu, au kwa nini huambiwa kwamba wenzake wanazaa kimya. Maneno hayo yana asili yake. Katika jamii nyingi za pwani na za bara mwari hufundishwa unyagoni kwamba heshima ya mwanamke hupimwa kwa kujikaza kwake wakati wa kuzaa, na kwamba anayepiga kelele anaiaibisha nyumba yake na somo wake aliyemfunda. Muuguzi aliyelelewa katika mafunzo hayo, akazaa kwa kuyashika, hulisikia yowe la mzazi kama utovu wa adabu kabla hajalisikia kama habari ya kitabibu, wakati yowe hilo huenda ndilo dalili pekee iliyopo kwamba mfuko wa uzazi unachanika au kwamba mtoto amekwama. Upendeleo dhidi ya wanawake hauhitaji wanaume ili ufanye kazi, kwa kuwa hukaa katika mizani ya kupimia maneno, na mizani hiyo hutumiwa na kila aliyeirithi.

Nyuma ya mafunzo ya kujikaza lipo fundisho la dini kuhusu subira, na ni muhimu kulichunguza kwa makini, maana mara nyingi hutajwa kana kwamba linamtaka anayeumwa anyamaze. Nabii Ayubu, ambaye Waislamu na Wakristo humtaja kuwa kielelezo cha subira, hakunyamaza. Katika Kurani anamlilia Mola wake kwamba dhara limempata, na katika Sura ya Sad Mwenyezi Mungu anamshuhudia kuwa mwenye subira, bila kilio kile kuhesabiwa kuwa upungufu. Katika Biblia Ayubu huzungumza sura baada ya sura, hulalamika, hudai kusikilizwa, na mwishoni wanaokemewa ni rafiki zake waliokuja na maelezo yaliyokwisha kupangwa ya kwa nini anaumwa, wakamwambia bila shaka ana kosa alilolificha. Uchungu wa uzazi wenyewe una kisa chake. Bibi Maryamu, anavyosimuliwa katika sura ya Kurani inayoitwa kwa jina lake, alipobanwa na uchungu hadi kwenye shina la mtende alitamka kwamba laiti angalikufa kabla ya hayo na akasahauliwa kabisa, maneno ambayo katika leba nyingi yangepokewa kwa karipio. Yeye alijibiwa kwa kuambiwa asihuzunike, akaonyeshwa kijito cha maji chini yake, akaelekezwa autikise mtende umwangushie tende mbivu. Alipewa maji, chakula na maneno ya kutuliza, na katika jibu hilo hakukuwa na lawama yoyote. Ni vigumu kuona jinsi mtu anayekisoma kisa hicho kwa imani anavyoweza kusimama mbele ya mzazi anayelia na kudai kwamba dini inamtaka anyamaze.

Kwa upande wa Wakristo hoja ya kwamba maumivu ya kuzaa ni stahiki ya mwanamke ilitegemezwa juu ya sura ya tatu ya Mwanzo, ambamo Hawa anaambiwa atazaa kwa uchungu. James Young Simpson, daktari wa Edinburgh aliyeanza kutumia klorofomu kwa wazazi mwaka 1847, aliona haja ya kuandika kijitabu cha kujibu pingamizi za kidini, na miongoni mwa hoja zake ilikuwa kwamba Mungu mwenyewe alimlaza Adamu usingizi mzito kabla ya kumtoa ubavu. Mabishano hayo yalipoa, hasa baada ya Malkia Victoria kujifungua kwa klorofomu mwaka 1853, lakini jambo la kuzingatia ni kwamba laana ileile iliyomtaja mwanamke ilimtaja pia mwanamume, kwamba atakula kwa jasho la uso wake na ardhi itamzalia miiba, na hakuna aliyewahi kusimama madhabahuni kupinga plau au trekta kwa kuwa vinampunguzia mkulima jasho aliloandikiwa. Andiko moja lilisomwa kwa njia mbili, na tofauti ya usomaji ilifuata jinsia ya anayeumia.

Injili ya Marko ina habari ambayo wahubiri wengi huipita haraka wakielekea kwenye muujiza. Mwanamke aliyetokwa na damu miaka kumi na miwili anaelezwa kuwa aliteswa mengi na matabibu wengi, akagharimu vyote alivyokuwa navyo, asipate nafuu bali hali yake ikazidi kuwa mbaya. Luka, ambaye kwa mapokeo ni tabibu, anapoisimulia habari hiyohiyo huifupisha kwa upole zaidi kwa watu wa kazi yake, akisema tu kwamba hakuweza kuponywa na mtu yeyote. Kinachofuata katika Marko kina uzito kuliko uponyaji wenyewe, kwa kuwa Yesu, akiwa njiani kwenda nyumbani kwa mkuu wa sinagogi ambaye binti yake yuko mahututi, anasimama, anauliza nani amemgusa, na kumwacha mwanamke huyo aeleze mbele ya umati kweli yote ya maradhi ambayo kwa sheria za wakati ule yalimfanya kuwa najisi. Alikuwa amekwisha kupona wakati huo. Kusikilizwa kwake hakukuwa sehemu ya dawa, kulikuwa haki iliyobaki kulipwa.

Hata hivyo hazina iliyo kubwa kuliko zote kwa swali hili, na ambayo haijatumiwa vya kutosha katika mijadala ya maadili ya tiba Afrika Mashariki, imo katika fikihi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu kama zilivyofafanuliwa na wanazuoni. Ni jambo linalojulikana kwamba katika mikataba ya madeni fikihi ilitaka wanawake wawili mahali pa mwanamume mmoja, na wakosoaji husimama hapo. Lakini katika mambo ambayo kwa desturi wanaume hawayaoni, kama kuzaliwa kwa mtoto na kasoro za mwilini zilizofichika, wanazuoni walikubali ushahidi wa wanawake peke yao, Washafii wakitaka wanne na Wahanafi wakitosheka na mkunga mmoja. Na katika jambo la ndani zaidi, hedhi na mimba, mwanamke aliaminiwa yeye peke yake juu ya nafsi yake: eda, yaani muda wa kungoja baada ya talaka, ambao huamua nasaba, urithi na uhalali wa ndoa mpya, huhesabiwa kwa neno lake, kwa hoja kwamba aya ya Sura ya Baqara inayomkataza kuficha kilichomo tumboni mwake isingekuwa na maana kama neno lake halina nguvu. Wanazuoni walimwita mwenye amana juu ya jambo hilo. Mantiki iliyo chini ya hukumu hizi ni kwamba uzito wa ushahidi hufuata ukaribu wa shahidi na jambo linaloshuhudiwa, na hakuna ukaribu unaoshinda wa mtu na mwili wake.

Kuna na zaidi ya hapo. Kila mwanafunzi wa madrasa za pwani aliyesoma Safinatun-Najaa, kitabu kidogo cha fikihi ya madhehebu ya Imamu Shafi, anajua kwamba uchache wa hedhi ni mchana na usiku mmoja, kawaida yake ni siku sita au saba, na wingi wake ni siku kumi na tano. Wachache huambiwa kwamba mipaka hiyo haikutoka katika aya wala hadithi iliyo wazi, ila ilitokana na istiqraa, njia ya kufuatilia hali zilivyo kwa kukusanya habari za watu wengi hadi kanuni ipatikane. Habari hizo zilikuwa za wanawake. Sheria ya sala, ya saumu na ya ndoa ilisimama, katika sehemu hiyo, juu ya wanawake kuulizwa na kusadikiwa. Haimaanishi kwamba jamii zilizoishi kwa sheria hiyo ziliwatendea wanawake haki kila mahali, na historia haisemi hivyo. Inamaanisha kwamba anayempuuza mwanamke anapoeleza damu yake hawezi kudai kuwa anafuata mapokeo.

Inasikitisha basi kwamba utaratibu wa kisasa, unaojivunia kupima kila kitu, mara nyingi hudai shahidi wa nje mahali ambapo wazee wa fikihi hawakumdai. Katika kliniki nyingi za wajawazito nchini Tanzania mwanamke hutakiwa afike na mwenzi wake, kwa nia njema ya kupima virusi vya Ukimwi pamoja, na asiyekuwa na mwenzi hulazimika kutafuta barua ya serikali ya mtaa au ya kijiji inayothibitisha kwamba hana. Mjamzito anayeambiwa akalete barua hiyo ili asikilizwe na mkunga amegeuzwa kuwa mtu ambaye neno lake juu ya maisha yake halitoshi. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Kenya mjini Bungoma iliamua kwamba haki za mwanamke aliyejifungulia sakafuni katika hospitali ya umma mwaka 2013 zilivunjwa, ikaamuru alipwe fidia ya shilingi milioni 2.5 za Kenya. Naye alikuwa na shahidi wa nje: kisa hicho kilikuwa kimerekodiwa kwa video ambayo nchi nzima iliiona. Ni halali kuuliza wangapi walizaa sakafuni bila kamera.

Kutoka katika chumba cha daktari dhuluma hiyo hupanda hadi katika maabara, na huko huvaa vazi la ulinzi. Mwaka 1977 mamlaka inayosimamia dawa nchini Marekani ilielekeza kwamba wanawake wanaoweza kushika mimba wasihusishwe katika hatua za mwanzo za majaribio ya dawa, agizo lililodumu hadi 1993, ili kukilinda kijusi ambacho katika wengi wao hakikuwepo. Matokeo yake ni kwamba dozi zilipangwa kwa miili ya wanaume kisha zikapewa wote. Mwaka 2013, baada ya miongo miwili ya matumizi, mamlaka hiyohiyo iliagiza dozi ya zolpidemu, dawa ya usingizi, ipunguzwe kwa nusu kwa wanawake, kutoka miligramu 10 hadi 5, kwa kuwa miili yao huiondoa polepole zaidi na walikuwa wakiendesha magari asubuhi dawa ikiwa bado imo katika damu. Kumtoa mtu katika utafiti kwa jina la kumlinda huihamisha hatari kutoka mahali inapochunguzwa na kuipeleka mahali isipochunguzwa.

Afrika Mashariki ililiona jambo hili kwa macho yake katika habari ya dolutegraviri, dawa ya kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi iliyo na nguvu zaidi na madhara machache kuliko dawa nyingine ya virusi hivyo, efavirenzi, ambayo huwaletea wengi kizunguzungu na ndoto za kutisha. Mwezi Mei 2018 utafiti wa Botswana ulibaini kwamba kati ya watoto 426 ambao mama zao walikuwa wakiitumia dolutegraviri walipotunga mimba, wanne walizaliwa na kasoro za ubongo au uti wa mgongo, kiwango kilichozidi cha kawaida. Nchi kadhaa, Kenya ikiwemo, ziliwazuilia dawa hiyo wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa, wakiwemo waliotumia uzazi wa mpango na wasio na nia ya kushika mimba, huku wanaume wakiendelea kupewa. Mwili wa kila mwanamke ulihesabiwa kuwa mimba inayosubiri, na Plato asingelishangaa. Julai mwaka huohuo wanawake 39 wanaoishi na virusi, kutoka nchi 18 za Afrika, walikutana Kigali, wakapitia takwimu hizo wenyewe, na tamko lao halikusema kwamba hatari haipo. Lilisema kwamba hatari hiyo ni yao kuipima, kwamba mwanamke aliyeelezwa ukweli anaweza kuamua kati ya uwezekano mdogo wa kasoro kwa mtoto ambaye huenda hamtarajii na uwezekano wa yeye mwenyewe kuugua au kumwambukiza mtoto aliye naye tumboni. Takwimu zilipoongezeka kiwango kilishuka hadi watoto watano kati ya 1,683, na Julai 2019 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza dolutegraviri kwa wote. Thamani ya tamko la Kigali haikutokana na takwimu hizo za baadaye, kwani lingekuwa sahihi hata kama hatari ingebaki vilevile.

Mlipuko wa Ebola uliotangazwa Agosti 2018 katika Kivu Kaskazini, eneo la Kongo ambako Kiswahili ni lugha ya soko na ya zahanati, uliwakuta wajawazito wakiwa wametengwa tena. Chanjo ilikuwepo, na waliokutana na wagonjwa, kuanzia Beni hadi Butembo, walikuwa wakichanjwa, isipokuwa wajawazito na wanaonyonyesha, kwa sababu usalama wake kwao haukuwa umethibitishwa. Na haukuwa umethibitishwa kwa sababu hawakuwa wamehusishwa katika majaribio. Ebola ni miongoni mwa magonjwa yanayomuua mjamzito kwa kiwango cha kutisha, na kijusi chake karibu hakisalimiki, hivyo hakukuwa na ulinzi wowote ambao kumnyima chanjo kulimpa yeye au alichokibeba. Utaratibu wa kuwajumuisha ulianza kutekelezwa mwaka 2019, karibu mwaka mmoja baada ya mlipuko kutangazwa. Mwanamke wa Beni aliyekuwa amemuuguza mumewe, akajua anachokabili, na akaja mwenyewe kwenye meza ya chanjo akitaka kuchanjwa, alirudishwa kwa kuulizwa swali moja tu, kama ana mimba, wala hakuna aliyemuuliza anaonaje.